Vikopo Viwili Nyuma ya Pazia

Nilitema mara mbili. Mara ya kwanza katika kikopo changu, mara ya pili katika kikopo cha mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Kosa langu ni hilo, na yote ninayoyaandika hapa yametoka humo. Nalitanguliza kwa sababu huenda wewe unayesoma umeambiwa juzi kuwa una kifua kikuu, au nyumbani kwako yuko anayekohoa, na huna pumzi ya kusubiri mpaka mwisho ujue nani alikosa. Mimi. Wengine pia, lakini kwanza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mtoto mmoja, Asya, aliyekuwa ndiyo kwanza anaacha kutambaa. Kwetu ni Uroa. Shangazi alinichukua mjini nikasome, nikafika sekondari, nikaolewa kabla ya kumaliza. Mume wangu, Hamadi, ni fundi saa. Tulikaa kwa mama yake, Bi Zuwena, mtaa wa Kajificheni, ghorofa ya pili, nyumba yenye ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga.

Bi Zuwena alikuwa akikohoa tangu siku niliyoingia pale bibi arusi. Alikohoa akipepeta mchele, alikohoa akisubiri maji yachemke. Ukimwuliza husema, "Uzee tu, mwanangu." Sote tukasema uzee. Alikuwa hajafika hata miaka sitini na mitano.

Basi akarudi Idrisa likizo. Huyu ni mtoto wa jirani yetu, anasomea udaktari huko bara. Walimu wake walimpa kazi ya kufanya kwao: achague mtaa mmoja, aingie nyumba kwa nyumba, awaulize wazee wanakula nini, wanalala na nani, wanatembea vipi, halafu apime makohozi ya mzee na ya mwanamke anayemhudumia. Alitaka kujua kwa nini mzee mmoja anapanda dari, juu kabisa ya nyumba, na kuanika nguo, na mwenzake wa umri uleule hawezi kufika mlangoni. Na alitaka kujua kikohozi cha wazee ni umri au ni maradhi. Swali zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa swali zuri.

Kwetu mwanamume asiye wa nyumba haingii wanamoketi wanawake. Idrisa alikaa ukumbini kwenye kiti, sisi tukakaa ndani, katikati pazia.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Idrisa yupi wewe? Yule aliyekuwa akijikojolea barazani kwangu?"

"Huyo huyo, bibi."

"Haya, sema."

"Ngazi za nyumba hii, bibi, ukipanda unapumzika?"

"Napumzika nikikutana na mtu wa kuzungumza naye."

"Na usipokutana na mtu?"

"Napumzika vilevile."

Nikamsikia anaandika. Mwisho akapitisha chini ya pazia vikopo viwili vya vifuniko vya kusokota, kimoja kina jina langu, kimoja la Bi Zuwena. Akasema tukohoe asubuhi kabla ya kusukutua, tutoe kilicho ndani kabisa, si mate ya mdomoni. Kesho atakuja mwenyewe kuvichukua.

Asubuhi alikuja kweli, akaketi palepale ukumbini kusubiri. Bi Zuwena akanishika mkono.

"Nimpe Idrisa makohozi yangu ayatie kwenye kioo ayatazame? Mtoto niliyemwosha mimi mavi? Nitemee na mie."

"Mama, vina majina."

"Kwani makohozi yanajua kusoma?"

Nikacheka. Naandika hapa kwamba nilicheka. Nikajibana kifua, nikatoa nilichoweza, nikagawa. Nikafunga vifuniko, nikavipanga kwenye sinia juu ya kitambaa safi, nikavisukuma chini ya pazia. Idrisa akasema, "Mwenyezi Mungu akulipeni." Nilijiona mkaza mwana mwema. Nilikuwa nimemstiri mama wa mume wangu.

Baada ya wiki mbili zikaja karatasi mbili za majibu, zote safi. Hamadi alifurahi mno. Ya mama yake akaichomeka kwenye fremu ya kioo cha ukumbini, kila mgeni aione. "Si alisema mwenyewe ni uzee," akasema. Idrisa akarudi bara na daftari lake.

Ilipoingia masika nikaanza kukonda. Kwanza nilidhani ni kunyonyesha. Pete ikawa inanitoka nikifua, nikaifunga uzi ndani yake ili ikae. Nikiamka kanga imerowa jasho kama nimetoka kuoga. Siku moja juu ya dari, nakamua shuka, nikakohoa nikatema pembeni, na kilichotoka kilikuwa chekundu. Nilikimwagia maji ya sabuni. Nikaendelea kukamua. Nilitema damu mara tatu kabla ya kusema, na kama wewe uko katika hiyo mara ya kwanza, inuka sasa hivi uende.

Nitakwambia habari za benchi la hospitali, maana hakuna aliyeniambia. Benchi la wanawake liko ukutani, nalo ni jembamba, na buibui zote zimekaa kimya kila mmoja akijifanya kaja kwa jambo jingine. Mlango unafunguka, jina linatajwa, mwenye jina anaitika "Naam" kwa sauti ya mtu aliyeitwa na mwalimu. Nilikaa siku ya kwanza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kando yangu alikuwa mama mmoja wa Mwanakwerekwe, mnene, mwenye sauti.

"Mwenzangu wewe wa kifua?" akaniuliza.

"Nimekuja kuuliza tu."

"Mie nami nilikuja kuuliza tu. Mwaka wa pili huu nauliza." Akatoa mkate wa kumimina kwenye kikapu, akaukata kati. Nilimwambia asile na mimi, huenda nikamwambukiza. "Nini utanipa ambacho sina?" akasema, akanisogezea kipande. Sijasahau ladha ya mkate ule. Tangu maradhi yaanze, alikuwa mtu wa kwanza kula karibu nami bila kunionea huruma.

Nikapigwa picha ya kifua, nikapimwa, nikalazwa siku ileile. Nyumbani sikurudi hata kuaga. Asya alikuwa bado ananyonya.

Wanakwambia habari za sindano, lakini za maziwa hawakwambii. Siku nne nilifunga kifua kwa kanga, maziwa yanajaa, yanawaka, yanachuruzika, na hakuna wa kuyanyonya. Nesi mmoja wa Kipemba alikuwa akija na kitambaa cha maji ya baridi ananikanda bila kusema neno, akimaliza anaondoka. Siku ya tano yakakauka. Nililia zaidi siku ile kuliko siku ya damu.

Sindano ilikuwa kila siku, kalio la kulia, kesho la kushoto, mpaka pote pakawa na mafundo nikawa sijui nikalie wapi. Vidonge vikubwa vya kumeza ukakabwa. Kando ya kitanda kikopo changu cha kutemea, chenye kifuniko. Kila nikikiangalia nakumbuka vile viwili.

Maana nilikuwa nimeanza kufikiri. Daktari aliuliza, "Nani nyumbani anakohoa?" Nikanyamaza. Akatazama karatasi zake, akasema mwenyewe, "Mama mkwe alipimwa, hana kitu." Nikanyamaza tena. Sindano ya tisa hiyo, maana siku nilizihesabu kwa sindano.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Hamadi alikuwa akimleta Asya alasiri, anasimama naye uani chini ya dirisha. Mwanzo mtoto akiniona ananyoosha mikono na kulia. Baadaye akawa hanyooshi. Siku moja alitazama juu, akaniona, akageuka kumfuata paka.

"Analala wapi?" nilimwuliza Hamadi kwa kupitia dirishani.

"Kwa mama. Wapi tena?"

"Kitanda kimoja?"

"Rukia, mtoto ana umri gani hata awe na kitanda chake?"

"Mtoe pale. Leo."

"Kwa nini?"

"Mama yako anakohoa."

"Mama alipimwa. Karatasi ipo kwenye kioo."

"Karatasi ile ni yangu. Makohozi yalikuwa yangu. Nilimtemea."

Watu uani wanapita. Hamadi akasema polepole, "Umetafuta mtu wa kumtupia. Ulikuwa huna pa kuyaweka maradhi yako, sasa unamwekea mama. Unataka mtaa useme mama yangu ndiye aliyekuua?"

"Sijafa," nikamwambia. "Mtoe mtoto kitandani."

Akambeba Asya, akaondoka. Hakuja kwa sindano sita.

Sindano sita zile ndizo mbaya kuliko zote. Kifua kiliuma, masikio yalianza kulia kama kuna nzi ndani, lakini hayo si kitu. Nilikuwa nimelala juu ya godoro la watu huku mwanangu akivuta pumzi anayoitoa Bi Zuwena, na ushahidi pekee wa kwamba hakuna hatari niliutengeneza mimi kwa mdomo wangu. Niliwakasirikia wote. Hamadi kwa kuiamini karatasi kuliko mimi. Bi Zuwena kwa kuona haya mbele ya mtoto wa jirani. Idrisa kwa kukaa upande wa pili wa pazia na adabu zake. Na mimi na zangu.

Siku ya saba akaja Bi Zuwena peke yake, na uji wa mtama ndani ya kopo lililofunikwa kwa kitambaa. Ngazi za hospitali zilimchukua muda. Nilimsikia akikohoa chini, kisha katikati, kisha mlangoni. Akaketi kwenye kigoda, akasubiri pumzi imrudie.

"Hamadi kanambia ulilomwambia," akasema.

"Nimemwambia kweli?"

"Kweli." Akaufunua uji, akaukoroga ingawa haukuhitaji kukorogwa. "Yeye kaniuliza. Nimemwambia sikumbuki."

"Mama."

"Najua."

"Unakumbuka."

"Nakumbuka hata rangi ya kitambaa ulichotandika kwenye sinia." Akaukoroga tena. "Tangu alipokufa baba yake Hamadi, miaka tisa, mgongo wangu una baridi. Mtoto huyu akilala ananiegemea hapa," akajishika nyuma ya kiuno. "Nikisema, mtamwondoa. Ndiyo sababu yangu. Sina nyingine."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchoma. Nilikuwa nayo mengi, siku sita nimelala nayapanga. Sikuyaona. Niliona mishipa ya shingo yake inavyovutwa kila akivuta pumzi, na vidole vyake vilivyoshika kijiko, vyembamba kama vyangu. Tulikuwa tumekonda sawasawa mimi na yeye, na hakuna aliyemwona yeye kwa sababu yeye mzee.

"Mama," nikasema, "nilikutemea mara moja. Sitaweza tena. Mara hii utoe mwenyewe."

Akaweka kijiko. Akainuka, akaondoka bila kuaga. Uji sikuunywa mpaka ulipopoa, nikidhani nimemvunjia heshima na mtoto nimempoteza.

Kilichotokea baadaye nilihadithiwa na mama yangu mzazi, aliye Uroa. Anasema alikuwa anapiga makumbi ya nazi uani asubuhi ya pili yake, gari ya shamba ikasimama barabarani, akateremka mwanamke mwenye buibui na mtoto na furushi la nguo. Hakuingia uani. Alimsimamisha Asya mchangani, akamwambia, "Nenda kwa bibi yako," na yeye akarudi nyuma hatua kadhaa. Mama yangu akamkaribisha, akamwambia hata maji basi.

"Nitakunywa siku nyingine," akasema Bi Zuwena kwa mbali. "Mchukueni mtoto wenu. Nisije nikakukohoeni."

Mama anasema alisimama pale barabarani kungojea gari ya kurudi, mchana kutwa, jua kali, na kila Asya akitoka nje kumtazama, yeye anageuza uso.

Bi Zuwena alimwambia Hamadi kweli siku ileile jioni. Sijui walisemezana nini, sikuambiwa na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya sindano katika baraza ya ghorofa, nilitazama chini nikamwona Hamadi anampandisha mama yake ngazi, kamshika kiwiko, hatua moja, wanapumzika, hatua nyingine.

Idrisa alikuwa amerudi likizo ya kipupwe na alikuwa akisaidia pale wodini, amekaa kwenye meza ndogo mwisho wa baraza. Alipomwona Bi Zuwena akasimama, akamwamkia, akaanza kuvuta kile kizuizi cha kitambaa cheupe wanachowawekea wanawake.

"Kiache," akasema Bi Zuwena.

"Bibi, ni stara yako."

"Stara yangu ndiyo iliyotufikisha hapa. Lete kikopo."

Akampa. Bi Zuwena akakaa, akajishika magoti, akakohoa kile kikohozi chote tulichokuwa tukikiita uzee. Kilichukua muda. Idrisa alikuwa ameinamisha macho.

"Nitazame," akamwambia. "Usitazame chini. Tazama mdomo unaotema." Akatema, akasokota kifuniko mwenyewe, akakiweka mezani. "Cha kwanza kilikuwa cha huyu." Akaninyooshea mimi kidole mbele ya foleni nzima. "Andika hivyo kwenye daftari lako. Na uandike aliyemwamrisha ni mimi, yeye asionekane mwongo."

Hamadi alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuniangalia. Lakini alipopita karibu yangu, alichukua ncha ya kanga yangu iliyokuwa inaburura sakafuni, akaniwekea begani. Ndivyo anavyoomba radhi yule. Nilikaa na hasira yangu wiki mbili zaidi, kisha nikamsamehe kwa mafungu.

Kikopo kilitoka kama nilivyojua kitatoka. Wakampa Bi Zuwena kitanda kando ya changu.

Basi tukawa wagonjwa pamoja, mavyaa na mkaza mwana, kitanda na kitanda, kipupwe chote mpaka vuli. Watu walikuja kututazama kama wanaotazama maonyesho. Asubuhi nesi akiingia na sinia la sindano, Bi Zuwena husema, "Aanze yeye, mdogo," nami nasema, "Aanze yeye, mkubwa," mpaka nesi anasema, "Nitawadunga pamoja." Dawa ilimtia kizunguzungu, akawa anakwenda chooni kashika ukuta.

"Nakwenda kama mlevi," ananiambia.

"Mama, mlevi ana haraka kuliko wewe."

Alinifundisha kusuka ukili wa mkeka nikiwa nimelala chali. Nami nilikuwa nikimsomea gazeti, mpaka matangazo. Kila Ijumaa Hamadi alileta habari za Uroa: Asya kaota meno mawili mengine, Asya kamwita bata "shehe". Picha ya kifua cha Asya tuliisubiri siku nane. Siku ile Hamadi alipopanda ngazi mbio, tulijua kabla hajasema, maana mwenye habari mbaya hapandi mbio. Bi Zuwena alijifunika shuka uso mzima. Shuka ilikuwa inatikisika.

Sindano ya mwisho yangu ilikuwa mvua za vuli zikianza, yake baada ya mwezi. Vidonge tuliendelea navyo nyumbani mpaka masika tena, na usiwaache wakudanganye ukishanenepa kuwa umepona. Mimi nilinenepa mapema, pete nikaitoa uzi. Bi Zuwena alinishangaza zaidi. Siku moja nilimkosa chumbani, nikamkuta juu ya dari anaanika nguo.

"Umepanda saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Ulipumzika wapi?"

Akafikiri. "Sikukutana na mtu," akasema, akaendelea kuanika.

Nusu ya uzee wake ilikuwa maradhi. Miaka yote ile tulimheshimu, tukamwita mkubwa, tukambusu mkono, na hakuna aliyemsikiliza kifua.

Idrisa alirudia nyumba zote. Safari hii alikuja na dada wa mama yake, mwanamke mkali, aliyekaa ndani ya pazia na vikopo mapajani. Katika nyumba zaidi ya moja ikaonekana mkaza mwana alitema kwa niaba. Idrisa alinikuta hospitali siku ya kuchukua vidonge.

"Nilikuwa karibu kuwaandikia walimu wangu kuwa kikohozi cha wazee wetu ni umri," akasema. "Nilikwishaandika. Ilibaki kutuma."

"Ungetuma, ningekutafuta huko bara."

"Najua, dada."

Asya tulimrudisha mwezi ule tuliopata karatasi mpya, yangu na ya Bi Zuwena, zote safi, na mara hii kila mtu kwa kinywa chake. Hamadi hakuichomeka ya mama yake kwenye kioo. Aliikunja akanipa mimi niiweke.

Mtoto aliingia anazungumza kama watu wa Uroa, ananiita "bi" kama mgeni. Hakutaka kushikwa na mimi. Nilimwosha, nikamlisha, akanitazama kama mtu anayehudumiwa dukani. Ilimchukua siku nyingi kunizoea, na sitakudanganya kuwa haikuniuma. Usiku analala nami, amenigeuzia mgongo, lakini analala.

Bi Zuwena hakumgusa. Tangu mtoto aje, alikuwa akikaa upande wa pili wa chumba, anacheza naye kwa mbali, anamrushia kishada cha nyuzi, na Asya akimfuata yeye anainuka na kwenda jikoni. Karatasi yake ni safi. Daktari kamwambia. Mimi nimemwambia. Anaitikia "Naam, naam," na anainuka.

Ijumaa moja baada ya sala ya adhuhuri nilimkuta amejilaza ubavuni, ameelekea ukutani, mgongo nje. Asya alikuwa amesinzia begani kwangu, kichwa kimeanguka. Nilisimama mlangoni. Nilisikiliza, kwa muda ambao mtu angechemsha chai. Hakukohoa. Pumzi yake ilikwenda na kurudi kimya.

Nikaingia nikamlaza mtoto nyuma yake. Asya akajinyoosha, akatafuta joto, akamwegemea palepale kiunoni. Bi Zuwena akajikaza mwili mzima.

"Rukia," akasema bila kugeuka. "Una hakika?"

"Nimekiona kikopo chako cha mwisho kwa macho yangu."

Nikaona mabega yake yanashuka, kidogo kidogo. Nikatoka. Pazia nikaliacha wazi.